Mgeni Aliyekuja Kumwona Wajina Wake

Kama unatafuta hadithi ya kutungwa, weka hii pembeni uchukue nyingine. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, ghorofa ya nne, Yeoville, hapa Johannesburg, Jumapili saa kumi jioni, jua likiwaka. Sikuwa nimekunywa. Sikuwa peke yangu. Mke wangu yupo, muulize. Mlinzi wa jengo yupo, na daftari lake lipo. Watu wamezoea kusikia kwamba wafu huja usiku wa manane, nami sishangai, maana usiku hubeba kila uongo. Huyu wangu alibisha hodi mchana, akakaribishwa kiti.

Lakini nianze na kazi yangu, maana bila kazi ile asingenijua.

Mimi ni mtu wa Mara, Tanzania, kule Rorya. Nilikuja huku kusoma, nikabaki. Nikapata kazi katika ofisi ndogo Marshalltown, juu ya duka la mablanketi, na kazi yetu ilikuwa kuwatafutia watu asili zao. Ndiyo, kazi hiyo ipo, na inalipa. Mzungu anaweza kuwa na kila kitu duniani, lakini akifika miaka sabini anakosa usingizi kwa kutaka kujua babu wa babu yake alikuwa nani. Wengi walikuwa wa hapahapa, wajukuu wa walowezi. Kisha akaja mteja wa Marekani, bibi mmoja mzee, mwenye barua pepe za upole kweli. Familia yake walikuwa wakulima wakubwa wa tumbaku katika koloni la Virginia, enzi zile bado wanatawaliwa na mfalme wa Uingereza. Jina la ukoo, tuseme Wexcombe. Alikuwa na sanduku zima la karatasi za familia: wosia, barua, vitabu vya kanisa, orodha za mali. Akazipiga picha zote, akatutumia, nikakabidhiwa mimi.

Nilikuwa hodari, sitaki kujificha nyuma ya unyenyekevu. Mwandiko wa wino wa zamani, ule unaofanana na miguu ya sisimizi, niliusoma kama gazeti. Kwa miezi saba niliishi zaidi na akina Wexcombe kuliko nilivyoishi na ndugu zangu. Nilijua nani alimzaa nani, nani alifia baharini, nani alioa binamu yake kwa ajili ya shamba. Vizazi tisa. Ungeniamsha usingizini ningekutajia wote, baba kwa mwana, bila kukosea.

Sasa, katika wosia na orodha zile kulikuwa na watu wengine. Unawajua. Walitajwa baada ya vitanda na kabla ya ng'ombe, jina moja moja tu, bila baba wala ukoo. Mwanzoni nilijaribu kuwaingiza. Programu tuliyotumia ilikuwa na kiburi chake: usipojaza jina la ukoo, haikubali kumhifadhi mtu. Nikamuuliza bosi wangu nifanye nini. Akasema, eish, achana nao, mteja ameomba familia yake tu, endelea. Nikaendelea. Ningekuambia kwamba roho iliniuma, lakini nimeahidi kusema kweli. Roho haikuniuma. Niliwaruka kama mtu anavyoruka matangazo akitafuta habari.

Wosia mmoja naukumbuka hasa. Ulikuwa wa Lemuel Wexcombe, mwenye shamba kubwa kuliko wote, na kuna mahali aliandika hivi: kwa mjukuu wangu yeyote atakayechukua jina langu, nampa msichana fulani, yeye na uzao wake, milele, pamoja na farasi wangu Juno. Nasema fulani. Wosia haukusema fulani. Wosia ulisema jina lake, limeandikwa wazi kabisa, na mimi nililisoma. Mwenzangu wa meza ya pili, kijana wa Zimbabwe, alicheka sana kwamba farasi kapewa jina la mungu wa kike wa Warumi. Nami nikacheka. Farasi nilimwandika kwenye maelezo ya pembeni, kwa sababu yule bibi alipenda habari za farasi. Msichana nilimruka.

Wiki mbili baadaye mke wangu akajifungua.

Mke wangu anaitwa Furaha, ni wa Uvira, Kongo, na ana saluni yake ndogo ya kusuka nywele Rockey Street. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, kilo tatu na nusu. Kwa siku kumi alilala na kunyonya kama mtoto yeyote. Siku ya kumi na moja akaanza kulia. Jamani, sijui kama umewahi kukaa na mtoto anayelia hivyo. Analia akinyonya, analia akibebwa, analia mpaka sauti inakauka na mdomo unabaki wazi. Zahanati wakampima wakasema hana kitu. Siku tatu. Furaha alikonda usoni, naye ndio kwanza ametoka uzazini.

Nikampigia mama yangu Rorya. Hakuuliza hata habari za homa. Alimsikiliza mtoto kupitia simu kidogo tu, akasema, "Huyo analilia jina."

Kama wewe ni mtu wa kanda yetu ya ziwa, huhitaji maelezo. Kama si wa huko, basi jua kwamba kwetu mtoto hachaguliwi jina kama kiatu dukani. Kuna mmoja katika waliotangulia anamtaka, na mtoto atalia mpaka mumtaje. Mnakaa, mnayataja majina ya wafu wenu moja moja, polepole, na likitajwa lenyewe, mtoto ananyamaza. Baada ya hapo, ndugu za huyo mwenye jina huja kumwona mtoto na zawadi kwa niaba yake. Zawadi ikipokelewa jina limekaa. Halitoki tena.

Mama akaanza kutaja kwenye simu, mimi nimeishika karibu na sikio la mtoto. Alitaja upande wake wote. Mtoto analia. Akasema upande wa baba yako nautaja niujuao, akataja wanne watano. Mtoto analia. Kisha akaniambia, "Endelea wewe, hao ni watu wako," na hapohapo mtandao ukakatika.

Niendelee na nani? Hapo ndipo nilipoiona aibu yangu. Baba alikufa nikiwa mdogo. Nilimjua babu, na baba yake babu, na mmoja tu juu yake, basi, nikafika ukutani. Mimi, fundi wa asili za watu! Nilizunguka chumba na mtoto begani, jioni inaingia, Furaha jikoni anapasha maji huku machozi yanamtoka, na mimi sina jina la kutaja. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba akili ilikuwa inajiendesha yenyewe. Midomo ikataka kitu cha kusema, ikatoa kilichokuwa kimejaa kichwani. Nikaanza kuwataja akina Wexcombe.

Nilianza kwa mzaha, niamini. Mzaha wa mtu aliyekata tamaa. Josiah, nikasema. Mtoto analia. Nathaniel. Analia. Obadiah. Analia. Nikaenda hivyo baba kwa mwana, kama wimbo wa kubembeleza, mpaka nikafika kwa yule wa wosia. Lemuel.

Mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza kidogo kidogo. Alinyamaza kama redio iliyochomolewa. Akavuta pumzi ndefu, akaweka shavu lake kwenye shingo yangu, akalala.

Furaha akatoka jikoni na kitambaa mkononi. "Umesema nini? Rudilia."

"Lemueli," nikasema.

"Njo jina yake," akasema, akakaa chini akalia kwa furaha.

Ningeweza kumwambia palepale. Sentensi moja tu ingetosha: hilo jina si la kwetu, ni la mtu wa kazini. Lakini nyumba ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, na mke wangu alikuwa anafuta machozi anacheka. Nikafunga mdomo. Lemueli ni jina la kwenye Biblia, kanisani walilipenda mno. Mama alipopatikana kwenye simu alisema hakumbuki mtu huyo katika ukoo, labda ni mmoja aliyebatizwa na wamisionari akafa mapema, lakini kama mtoto amenyamaza basi ni yeye. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitilia maanani. Akauliza, sasa zawadi ataleta nani?

Mtoto akanenepa. Nami nikamaliza kazi ya akina Wexcombe. Ijumaa moja nikamtumia yule bibi mti wa ukoo wake wote, mzuri, safi, vizazi tisa, na kama mkataba ulivyotaka, nikazifuta nakala zote za karatasi zake kwenye mashine yangu, kompyuta ya kubeba niliyorudi nayo nyumbani kila siku. Nilizifuta kwa mkono wangu. Mashine iliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema ndiyo mara mbili.

Jumapili iliyofuata ndiyo yenyewe.

Tulikuwa tumerudi kanisani, tumekula, umeme umekatika kwa zamu yake, lifti imelala. Furaha amemkalisha mapajani Lemi, ndivyo tulivyomfupisha Lemueli. Hodi ikapigwa, taratibu, mara tatu. Nikafungua.

Alikuwa mzee wa kizungu, mrefu, amevaa kofia na koti zito jeusi katika joto la Januari. Alikuwa amepanda ngazi za ghorofa nne na hakuhema hata kidogo. Buti zake zilikuwa na udongo mwekundu uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Harufu yake ilikuwa ya majani ya tumbaku mabichi. Nyuma yake alisimama msichana mweusi wa miaka kumi hivi, peku, gauni la rangi ya majivu, macho chini.

"Nimekuja kumwona wajina wangu," akasema.

Usiniulize alisema kwa lugha gani. Mimi nilimsikia kwa Kiswahili cha kwetu. Furaha anaapa alisema Kiswahili cha Uvira, na kwamba hata lafudhi ilikuwa ya kwao.

Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Furaha alidhani ni mmoja wa wateja wangu, maana alijua nafanya kazi na wazungu. Na mke wangu amelelewa. "Karibu, muzee, karibu ukae," akasema, akamsogezea kiti kizuri. Akamwita na yule msichana aingie. Msichana hakusogea pale mlangoni. Furaha akamjazia kikombe cha maji akampelekea, na msichana, kabla ya kunyoosha mkono, alimtazama yule mzee kwanza. Mzee alipoitikia kwa kichwa ndipo akapokea. Jambo hilo dogo lilimfanya Furaha anitazame.

Mzee akaomba kumshika mtoto, akapewa. Akanyoosha kidole, na Lemi akakishika, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza. Mama yake na mimi tulikuwa tumelisubiri siku zote hizo, na akampa yule.

"Ana mkono wangu," mzee akasema. "Sijaja mikono mitupu. Nimemletea zawadi."

Furaha akatazama kama kuna mfuko au kifurushi. Hakikuwapo. Mzee akaelekeza kidevu mlangoni kwa yule msichana, akasema bila haraka, kama mtu anayesoma, "Yeye na uzao wake, milele."

Hapo ndipo nilipomtambua. Maneno yale nilikuwa nimeyasoma kwa macho yangu, kwenye wino wa kahawia, chini ya ukurasa wa pili. Nikajua kwa uhakika kabisa ni nani ameketi kwenye kiti changu na mwanangu mapajani.

Furaha alikuwa amecheka kidogo, akidhani ni utani wa wazungu. Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akainuka, akamchukua mtoto kwenye mikono ya mzee, hakumwomba. Mzee hakumzuia.

"Muzee, utusamehe," akasema, na sauti yake haikutetemeka, namsifu mpaka leo. "Zawadi tunashukuru. Lakini mutu, hatupokee."

"Mumeo aliniita," mzee akajibu. "Alimwita baba yangu, akamwita babu yangu, mimi nikasikia jina langu nikaitika. Jina si sahani ya jirani, kwamba utairudisha ukimaliza kulia."

Furaha akageuka kunitazama. Sasa alikuwa anajua kwamba kuna kitu nilimficha, na mambo yote mawili yalikuwa usoni mwake, hofu na hasira. Ndipo nikapata sauti. Nikasema lilikuwa kosa langu, mtoto si wake, jina nalirudisha, zawadi siitaki, aondoke na kila alichokuja nacho.

Unajua kilichonitisha zaidi? Mzee hakuwa mkali. Alikuwa mtulivu kama mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kukataliwa kitu.

"Vema," akasema. "Kama humtaki msichana huyu, mrudishe. Mwite kwa jina lake, umwambie aende zake. Akiitwa ataenda, na mimi nitakwenda, na mtoto abaki kwenu. Wewe ni mtu wa majina. Umelisoma lake."

Yule msichana akainua macho. Kwa mara ya kwanza akanitazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyekaa hospitali tangu asubuhi, ambaye sasa amemwona nesi ametoka na karatasi ya majina mkononi.

Nami sikulikumbuka.

Nielewe vizuri. Niliuona ukurasa wote. Niliona doa la wino pembeni, niliona mahali karatasi ilipochanika, niliona neno msichana na neno uzao. Kati yake palikuwa na jina, na akilini mwangu pale palikuwa peupe. Nikakimbilia mashine. Umeme hakuna, chaji hakuna, na hata ingekuwapo, nilikuwa nimefuta. Nikarudi nikaanza kubahatisha. Mary, nikasema. Akaendelea kunitazama. Betty. Sarah. Hannah. Kila jina nililolisema, macho yake yalishuka kidogo, kisha akayainua tena kunipa nafasi nyingine. Alinipa nafasi nyingi, mtoto wa watu. Furaha alikuwa analia ananisihi nikumbuke. Nikafumba macho nikalazimisha ubongo, na jina likanijia, limeng'aa, nikalitoa kwa sauti kubwa.

"Juno."

Mzee akacheka. Alicheka mara moja tu, kicheko kifupi.

"Huyo alikuwa farasi," akasema.

Akainuka, akashika kofia yake, akamshukuru Furaha kwa kiti. Msichana alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kikombe cha maji alichoshika. Mzee akampita bila kumtazama, akatoka, na ngazi hazikutoa sauti ya buti hata moja. Nilimkimbilia mpaka ukingo wa ngazi. Hakukuwa na mtu. Niliporudi mlangoni msichana naye hakuwapo. Kikombe kilikuwa sakafuni, kimesimama wima, kitupu.

Nikashuka mpaka chini kwa mlinzi. Ni Mrundi, mtu wa makamo, mkweli. Nikamuuliza kama kuna mzungu ameingia. Akanifungulia daftari la wageni. Lipo hadi leo. Saa tisa na dakika hamsini, namba ya nyumba yetu, na jina limeandikwa kwa mwandiko ule ninaoujua kuliko wangu: Lemuel Wexcombe. Kwenye idadi ya wageni, mmoja.

"Alikuwa na msichana," nikasema.

"Alikuwa naye, ndiyo," mlinzi akajibu. "Lakini mutumishi hatumuandikake, kaka. Tunaandika mwenyewe tu."

Nilitaka kumkaripia. Nikakosa mdomo wa kumkaripia nao.

Nilimweleza Furaha yote usiku ule. Hakusema nami wiki mbili, na sikumlaumu. Mchungaji alikuja akaombea nyumba. Mama, nilipomweleza kwa simu, alisema jina la babu yangu mzaa baba mara saba kwenye sikio la mtoto, na hilo ndilo lililo kwenye vyeti vyake sasa. Mtoto alisikiliza tu. Hakulia, hakutabasamu. Nilimwandikia yule bibi wa Marekani nikimsihi anitazamie mstari mmoja tu, ukurasa wa pili wa wosia wa Lemuel. Alinijibu kwa upole wake uleule. Kitabu cha familia kimeshachapwa, akasema, na zile karatasi zilizobaki, orodha na vitu ambavyo havikuhusu familia, zilikuwa zinajaza nafasi, wakazitupa. Alishangaa kwamba nilikuwa bado nazifikiria. Akanishukuru tena kwa kazi nzuri.

Niliacha kazi ile. Siku hizi nina spaza, kiduka changu cha mtaani, Soweto, nauza mkate na sabuni. Wateja wananiona mtu wa ajabu, maana kila anayekuja, hata mtoto aliyetumwa kiberiti, lazima anitajie jina lake na jina la baba yake, nami naliandika kwenye daftari. Wengine wanasema mimi ni shushushu wa polisi. Waseme.

Na mwanangu? Mwanangu ana miaka minne. Ni mzima, ana akili, anapendeza. Lakini tangu Jumapili ile hajalia. Hata mara moja. Sindano za zahanati, hakulia. Alipoanguka akapasuka kidevu, nesi alimshona huku yeye anatazama dari, na nesi akanitazama mimi. Chakula chake anakula nusu, nusu nyingine anaisogeza upande wa pili wa meza, na ukiiondoa mapema anakasirika. Usiku analala ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyempisha mwenzake. Furaha alishachoka kuogopa. Sasa anaweka vikombe viwili vya maji.

Basi nakuonya wewe unayesoma. Mtoto wako akililia jina, taja watu wako, na kama huwajui, piga simu leo, nenda kwenu leo, waulize wazee kabla hawajaondoka na majina hayo. Usikope jina la mtu usiyejua alitenda nini duniani, maana atakuja kulifuata, tena na zawadi mkononi. Na kama kazi yako ni kuandika watu, mlangoni kwenye daftari la wageni, ofisini, kanisani, hospitalini, popote, waandike wote. Mashine ikikataa, chukua kalamu. Usije ukaruka mtu kwa sababu ana jina moja tu. Huenda siku moja uzima wa nyumba yako ukategemea jina hilo, nawe umebaki unalikumbuka la farasi.

Mimi kila nikilala nausoma ule ukurasa, na kila siku pale pako peupe. Mwanangu, kama watoto wengi waliozaliwa huku, Kiswahili hajui kukisema. Anaongea Kizulu na wenzake, Kiingereza na sisi. Lakini kuna sentensi moja ya Kiswahili anayoisema vizuri kabisa, na hakuna aliyemfundisha. Anakuja jioni nikirudi kutoka dukani, anasimama mlangoni, palepale aliposimama yule msichana, anainua macho.

"Baba," ananiambia, "anauliza umeshakumbuka?"

Nami namjibu kila siku jibu moja.

"Bado, mwanangu. Mwambie bado."